Kipimo cha Bwana Afya na Ndoo Yangu ya Maziwa

Leo uso wangu nimeuacha sokoni.

Nimewaita mapema, wenzangu, mlisikie jambo hili kwangu mimi mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wauza karanga. Wale wakishalibeba, litafika Isevya nimefungwa, na likifika Usoke nitakuwa nimeshanyongwa. Sijafungwa. (Ingawa leo kuna wakati nilitamani kufungwa. Gerezani angalau kuna ukuta wa kujifichia.)

Kaeni. Chai ni ya rangi tu, haina maziwa. Mtaelewa kwa nini.

Mnaikumbuka ile mbiu. Tarishi wa boma alikuja sokoni na kengele yake, akapanda juu ya sanduku, akasema kwamba kila anayeuza chakula alichokipika nyumbani au alichokitoa shambani kwake atakaguliwa na Bwana Afya. Maziwa, samli, asali, maandazi, mikate, vyote. Atakayefaulu atapewa cheti. Asiye na cheti hauzi mjini. Na maziwa ya kwenye vibuyu, marufuku! Kuanzia sasa ni ndoo ya bati yenye mfuniko, na maziwa yatapimwa kama yana maji.

 Soko likaanza kunong'ona, na mnajua soko letu likinong'ona linasikika mpaka stesheni.

Tangu lini serikali ikauliza habari za matumbo yetu? Muuza samli mmoja akasema hapo wanatafuta njia ya kuhesabu ng'ombe wetu, leo wanaanza na maziwa, kesho wanaleta kodi. Mzee wa asali akasema wanachotaka ni kujua mizinga imetundikwa pori gani. Mwingine akaapa kwamba wana kipimo cha kioo kinachofyonza mafuta ya maziwa, na mafuta hayo yanakwenda kwa Wazungu klabuni kwao. Nikamwuliza, yanapitia wapi? Akanijibu, "Ndiyo hiyo siri yenyewe."

Na mimi je? Mimi nilifurahi.

Msinitazame hivyo. Nilifurahi kwa sababu ya Mama Nyanzala. Mnamjua, yule mwenye meza iliyotazamana na yangu, mwenye mguu mbovu. Mwaka mzima nimekuwa nikimwangalia. Ng'ombe wake wamekonda, mbavu nje nje, lakini maziwa yake hayaishi! Mimi natoka sokoni nimemaliza, yeye bado anamimina. Yanatoka wapi? Halafu siku moja alfajiri nikamwona anatoka upande wa kisima na ndoo zake. Nikamsalimia, "Mwangaluka." Akaitikia bila kusimama. Nikamwuliza, "Kisimani na ndoo za maziwa, kulikoni?" Akasema, "Nimeosha." Ameosha! Nani anaosha ndoo gizani?

Basi nikajiambia, acha kipimo kije. Kije tujue nani ni nani. Na mtu yeyote aliyeuliza maoni yangu kuhusu hiyo amri nilimwambia kwa sauti, ile meza ya ng'ambo isikie, "Asiye na maji hana wasiwasi!" (Maneno hayo leo nimerudishiwa na watu wengi. Nawashukuru.)

Na zaidi ya hayo, kulikuwa na harusi. Bi Zuwena wa Gongoni, mke wa yule mwenye duka la nguo, anamwoza binti yake. Alikuwa ameniambia maziwa yote ya harusi nitampelekea mimi, ya chai na ya mapishi, siku zote za shughuli. Ila akaweka sharti. "Mama Mgalula, wageni wangu wengine wanatoka mbali, wanatoka pwani huko. Sitaki waumwe matumbo nyumbani kwangu. Nitakuja siku ya kupimwa nione kwa macho yangu." Nikamwambia karibu sana, Bi Zuwena. Njoo usimame mbele kabisa.

Leo ndiyo ilikuwa siku hiyo.

Nimeamka mapema, nimeoga, nimevaa ile kanga yangu mpya ya zambarau. Mnajua utaratibu wa nyumbani kwetu. Baba Mgalula anakamua, anayaleta maziwa kwa baiskeli, anapita ile njia ya zamani ya wapagazi. Mimi natangulia kwa miguu na samli kichwani, napita njia ya mkato. Kwa kawaida yeye ndiye anafika kwanza, namkuta amekaa anapiga soga.

Leo nimefika, hayupo.

Nimepanga samli, nimefuta meza, hayupo. Mama Nyanzala kule ng'ambo ameshapanga ndoo zake, ametulia. Nikaanza kutazama njia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, lakini asubuhi hii kulikuwa kweupe, hata jani halitikisiki.

Ndipo nikamwona anakuja. Hajapanda baiskeli, anaisukuma. Suruali ina tope gotini. Ndoo ipo nyuma, imefungwa vizuri kwa kamba. Nikamtazama usoni. Akatazama samli.

"Umechelewa wapi?"

"Upepo."

"Upepo gani?"

"Wa mbele."

"Baba Mgalula, leo kuna upepo?"

Akainua macho juu kwenye miti, akaitazama kama mtu aliyesalitiwa. "Kule ulikuwapo."

Kule wapi? Nikakumbuka. Pale njia panda, kabla hujafika mtoni, kuna yule mama muuza vitumbua. Mjane. Anacheka sana. Simwiti jina, na nyinyi msilitaje humu ndani. Mume anachelewa, ana tope gotini kana kwamba alikuwa amepiga magoti, hanitazami machoni, halafu ananiambia upepo! Mwanamke mwenye akili zake ajiulize mara ngapi?

"Umekula vitumbua?" nikamwuliza.

"Vitumbua?"

"Nimeuliza tu."

"Sijala kitu." Akateremsha ndoo, akaiweka juu ya meza polepole sana, kama mtu anayelaza mtoto. "Mnyororo unalegea. Ngoja nikautazame." Akaondoka na baiskeli yake, akaenda kusimama nyuma ya kibanda cha mshona viatu. Hakutazama mnyororo wowote. Alisimama tu.

Sasa sikilizeni kosa langu. Siku zote nikipokea ndoo nafungua, nachota, naonja. Leo sikufungua. Kwanza tuliambiwa mtu asiuze hata tone kabla ya kupimwa. Pili, kichwa changu kilikuwa kimejaa vitumbua. Nikasema hiyo kesi nitaisikiliza nyumbani jioni. Nikaifuta ndoo nje mpaka ikang'aa, nikakaa.

Bwana Afya akaja. Kijana tu! Kaptula imepigwa pasi, soksi ndefu, kofia ngumu ya jua. Tarishi nyuma yake amebeba kisanduku. Nilidhani atakuja na ukali. Yeye kila mezani anaamkia kwanza. "Shikamoo mama. Shikamoo mzee." Hilo lilitutia wasiwasi zaidi. Mtu wa serikali anayekuamkia, ujue kuna kitu anakitaka.

Akaanza na maandazi. Yamefunikwa? Hayajafunikwa. Muuzaji akavua kanga ya mabegani upesi, akafunika. Bwana Afya akasema, "Mama, na hiyo kanga umefutia nini leo?" Mama akafikiri, akaifunua tena mwenyewe.

Akafika kwa mzee wa asali. Akachungulia mkebeni. "Shikamoo mzee. Hawa nyuki humu ndani ni wa nini?"

"Marahaba. Hao ni mashahidi," mzee akasema. "Asali isiyo na nyuki, nani atajua nimeitoa wapi?"

"Mashahidi wamekufa, mzee. Uichuje."

Watu wakacheka, hata mimi nikacheka. Nilicheka kuliko wote. (Nilikuwa bado na uso wakati huo.)

Halafu akaja kwetu wa maziwa. Bi Zuwena ameshafika, amejifunika buibui lake, amesimama mbele kabisa kama nilivyomwambia. Tarishi akafungua kisanduku. Kikatoka kidude cha kioo, kirefu, kina tumbo chini na mistari shingoni. Watu wakarudi nyuma kidogo. Yule wa mafuta ya klabuni akasema, "Si niliwaambia?"

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, tena kwa jembe langu mwenyewe.

Nikasimama. Nikasema, "Bwana Afya, kabla hujaanza, tufahamishe hicho kidude kinavyofanya kazi. Wengine hapa baadaye watasema hawakuelewa." Nikamtazama Mama Nyanzala. Yeye akajikuna mguu.

Bwana Afya akafurahi kuulizwa. Akaeleza taratibu. Maziwa mazima ni mazito, yanakibeba kipimo, kinasimama juu juu. Yakiwa na maji yanakuwa mepesi, kipimo kinazama. Kikizama mpaka huu mstari, maji yamo. Kikipita hapa, maji ni mengi.

Ilikuwa inatosha. Lakini mimi nikaona wale kina mama wa vijijini kule nyuma hawajasikia vizuri. Nikawageukia, nikawaeleza upya kwa Kinyamwezi, neno kwa neno, na mkono nikauonyesha: kikisimama, maziwa, kikizama, maji! Nikawauliza, mmeelewa? Wakaitikia wote. Hata vikongwe wameelewa. Sijawahi kufundisha vizuri namna ile.

"Haya," Bwana Afya akasema, "tuanze wapi?"

"Anza na yangu!" nikasema. "Watu wayaone maziwa kwanza, ndipo waone mengine."

Nikafungua kamba iliyofunga mfuniko. Nikainua mfuniko. Akachota kwa kikombe chake, akamimina kwenye bomba la bati, akakishusha kile kidude.

Kikazama.

Hakikusitasita hata kidogo. Kilishuka kama mtu aliyechoka anavyojitupa kitandani. Kikapita mstari wa kwanza, kikapita wa pili, ikabaki ncha tu.

 Kikongwe mmoja kule nyuma, mmoja wa wale wanafunzi wangu, akapaza sauti: "Minzi!" Maji! Na wenzake wote wakapokea, "Minzi! Minzi!" kama kwaya ya kanisani.

"Kimeharibika hicho," nikasema.

Bwana Afya akakiosha, akakifuta, akarudia. Kikazama.

"Hukukifuta vizuri."

Akarudia. Kikazama. Sasa kilikuwa kimezoea.

Jamani, mtu akiwa ameshikwa hivyo akili zinakwenda mbio lakini hazijui zinakwenda wapi. Nikamwonyesha kidole Mama Nyanzala. "Ni huyu! Ameniwekea maji nilipogeuka! Mimi namjua, mwaka mzima ananionea kijicho!"

Mama Nyanzala hakusimama hata. "Mama Mgalula, kwa mguu huu? Nivuke mpaka huko, nifungue mafundo yako, nimwage maji, nifunge mafundo, nirudi, na wewe umekaa juu ya hiyo ndoo kama kuku anayeatamia?"

Watu wakacheka. Nikasema, "Basi yapimwe yake! Yapimwe sasa hivi!"

Yakapimwa. Kipimo kikasimama wima kama askari mlangoni kwa Bwana Shauri kule boma. Bwana Afya akakisukuma chini kwa kidole, kikarudi juu chenyewe. "Safi sana, mama," akamwambia. Na wale vikongwe wakapiga vigelegele, kwa kuwa nilikuwa nimewafundisha maana yake.

Nikahisi Bi Zuwena ananitazama. Nikatafuta wa kumsingizia, nikakosa mtu. Nikamsingizia ng'ombe.

(Ndiyo. Nilifanya hivyo. Mbele ya watu.)

"Bwana Afya, mvua imenyesha. Ng'ombe wangu amekunywa maji mengi mno jana. Huenda yamepitiliza."

"Mama," akasema kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kofi, "maji anayokunywa ng'ombe hayapiti njia hiyo."

"Wa kwako labda. Wa kwangu yanapita."

 Akamwomba tarishi kitambaa cheupe. Akakitandaza juu ya beseni, akaanza kuyachuja maziwa yangu polepole, watu wote wameinama kutazama, na mimi nimeinama, maana nami nilikuwa nataka kujua. Maziwa yakapita. Kitambaani kikabaki kitu kidogo cheusi.

Kikatikisa mkia.

Kiluwiluwi! Mtoto wa chura, mzima, ana afya yake, anacheza juu ya kitambaa cha serikali!

Bwana Afya akamtazama. Akanitazama. "Mama, na huyu naye kakamuliwa?"

Sitawaeleza kelele zilizotokea. Mzee wa asali alilazimika kukaa chini. Alinielekezea mkono, anataka kusema kitu, pumzi hana. Mwishowe akakipata: "Shahidi! Na wa kwake yu hai!"

Ndipo nikasikia sauti nyuma ya kibanda cha mshona viatu. "Bwana Afya, ni mimi."

Baba Mgalula akajitokeza. Kofia ameishika mkononi kama mtu aliyekwenda msibani.

"Wewe nani?" Bwana Afya akauliza.

"Mimi ni mume wa huyu mama. Baiskeli iliteleza pale mtoni. Ndoo ikaanguka, mfuniko ukafunguka, yakamwagika zaidi ya nusu. Nikatazama nikaona siwezi kufika na nusu ndoo. Maji yalikuwa pale pale karibu. Nikajazia."

"Ulijua leo kuna kupimwa?"

"Nilijua, bwana."

"Ulijua serikali imekataza, na unaweza kushtakiwa?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini hukumwambia mkeo yamemwagika? Ungekuja na nusu ndoo safi, nikampa cheti, kila mtu akaenda zake."

Baba Mgalula akanitazama mimi, akamtazama yeye, akatazama ardhi. "Bwana Afya, wewe ni mgeni hapa. Serikali siiogopi sana, inakuja na kuondoka. Huyu ninaishi naye. Ningemwambia nimeanguka, angeniamini? Angeniuliza nimeanguka na nani."

Soko zima likasema "Eeeh!" kwa pamoja. Na ninyi mnasema "Eeeh." Endeleeni tu.

Nikataka kumjibu kwamba mimi si mtu wa namna hiyo. Nimefungua mdomo, tayari. Yeye akaongeza, masikini, akidhani anajiokoa: "Na mashahidi ninao. Hata yule mama wa vitumbua aliona, alikuja kunisaidia kuinua baiskeli."

"Kumbe alikuwapo!" nikapiga kelele. "Kumbe alikuwapo! Nilijua! Upepo wa mbele! Upepo wa mbele ndiyo yeye! Alikushika wapi?"

"Aliishika baiskeli."

"Upande gani?"

Wenzangu, nilikuwa nimemsahau Bwana Afya. Nimesahau cheti, nimesahau harusi, nimesahau kiluwiluwi. Nimesimama katikati ya soko, kiuno nimekishika, naendesha kesi yangu, na serikali imesimama pembeni na kitambaa chake inasubiri nimalize. Nilipogeuka nikamkuta amejifunika uso kwa kofia. Mabega yanatikisika. Tarishi ameshaacha kujificha, analia machozi.

Hapo ndipo nilipouacha uso. Pale pale, kati ya samli na ndoo.

Alipopata pumzi, Bwana Afya alinihukumu vizuri, siwezi kusema uongo. Maziwa yamwagwe. Cheti leo sipati. Hatanipeleka barazani kushtakiwa, maana ameona kwa macho yake kwamba sikujua, na kwamba aliyetenda, alivyosema yeye, "tayari yuko chini ya mamlaka kali." Atakuja nyumbani atazame zizi, jiko na vyombo, kukiwa safi atanipa cheti. Nikasema ahsante bwana. 

Nikamwaga maziwa mwenyewe, pale mtaroni, watu wakitazama. Mbwa wa mchinjaji alikuja akanusa, akaondoka. Mbwa! Kiluwiluwi tarishi alimchukua kwa heshima, akamweka kwenye dimbwi.

Nikabaki na Bi Zuwena.  Nikasema, "Bi Zuwena, nisamehe. Mtafute mwingine."

Kabla hajajibu, Mama Nyanzala akaita kutoka ng'ambo. "Hana haja ya kutafuta. Mama Mgalula, njoo uchukue ndoo zangu hizi mbili, umpelekee. Oda ni yako. Mimi na mguu huu sitafika Gongoni."

Mnafikiri nilishukuru? Nilisimama nikijiuliza, huyu anataka nini? Ana hila gani? Nikavuka kwenda kwake taratibu, nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini unanisaidia?"

"Kwa sababu maziwa yakilala yatachacha."

"Ni hilo tu?"

 "Mama Mgalula, unajua kwa nini ndoo zangu ninaziosha alfajiri, watu wamelala? Ni kwa sababu yako. Kila siku unavuka unakuja kusalimia, na jicho moja liko ndani ya ndoo. Nikajiambia, huyu siku akikuta hata ukoko atanitangaza mji mzima. Basi nasugua. Leo Bwana Afya kanisifu usafi. Chukua ndoo uende."

Nikachukua.  Na kuhusu maziwa kutoisha, nilimwuliza pia (nilishindwa kujizuia). Kumbe ana dada yake anayeishi Puge, humletea ya kwake. Mwaka mzima!

Bi Zuwena yeye alicheka mpaka buibui likamteleza. "Astaghfirullah, Mama Mgalula, harusi yangu haitakuwa na kichekesho kuliko hiki. Lete maziwa. Ila nitayachuja mwenyewe, tena kwa kitambaa kinene."

Tulipokwisha kuyafikisha maziwa Gongoni, tulirudi nyumbani na Baba Mgalula, yeye anasukuma baiskeli, mimi nimebeba ndoo tupu.  Tulipofika mtoni nikaona mahali penyewe: tope lote limechimbuka, alama ya gurudumu imekwenda upande, na maziwa bado yameganda meupe kwenye nyasi. Palikuwa pabaya. Mtu angeweza kuvunjika shingo pale. Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Lile tope la gotini lilikuwa na damu. Kiwiko kimechubuka mpaka nyama. Alikuwa amesimama na maumivu hayo saa zote zile nyuma ya kibanda, na mimi nilichomwuliza ni vitumbua.

"Inauma?" nikamwuliza.

"Kidogo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa na kazi."

Nikamketisha kwenye jiwe, nikaiosha damu kwa maji ya mtoni, nikakifunga kiwiko kwa kipande cha ile kanga mpya. Nimeipasua, ndiyo. Akaniambia anaomba radhi kwa maziwa. Nikamwambia naomba radhi kwa mengine. Sikuyataja moja moja, tungekesha pale.

Na pale njia panda tulimkuta yule mama wa vitumbua. Nikasimama, nikamshukuru kwa kuinua baiskeli. Nikanunua hata vitumbua. Ni vizuri, lazima niseme. Ni vizuri mno. Nimemwambia na yeye ajiandae, kipimo kinakuja kwake.

Basi habari yenyewe ndiyo hiyo, na hakuna nilichoficha. Kesho nafagia zizi, nasugua ndoo, nalipaka jiko chokaa, na atakayekuja kunisaidia karibu. Lakini asiwepo wa kucheka. Anayetaka kucheka apande gari moshi akacheke Tura, hata akikosa gari la kurudi mimi sina neno.

Nimesema asicheke mtu!

Nani huyo? Ni wewe? Si wewe?

Nyamazeni kwanza. Mnasikia? Huko ndani, chumbani. Ni mgonjwa wangu wa kiwiko huyo, kafunikwa blanketi mpaka kichwani, na kitanda chote kinatikisika.